Mungu Hakufungua Kile Kitambaa

Simu iliita Dada akiwa amekanyaga pedali ya cherehani, shati la sare ya shule likipita chini ya sindano. Aliiacha iite. Ikakatika, ikaita tena. Alipoona ni namba ya Kamba, akaibana simu kati ya bega na sikio, mikono ikiendelea kusukuma mshono.

"Kamba, nina kazi hapa. Sema haraka."

Upande wa pili mtu alikuwa anahema kama aliyetoka mbio.

"Dada. Mti umemwangukia."

"Umemwangukia nani?"

Kamba alivuta kamasi.

"Kamba, nakuuliza. Umemwangukia nani?"

"Pembeni, Dada. Hatunaye tena."

Wapo watu ambao habari kama hiyo huwaangusha chini, wapo ambao huwakausha machozi. Yeye ilimpandisha hasira. Hasira ilifika kabla ya kilio, ikakaa kitini kama mwenye nyumba.

"Acha upuuzi!" alifoka, mpaka mteja aliyekuwa kwenye benchi akashtuka. "Mti hauwezi kumwangukia yule! Mtu mwingine yeyote, sawa. Lakini mdogo wangu mimi? Alikuwa amesimama wapi? Nijibu, alisimama wapi?"

Kamba alikuwa analia kama mtoto aliyepigwa. Dada alipotazama chini, aliona mguu wake haujatoka kwenye pedali. Mashine ilikuwa imepitiliza mshono na kuushona mkono wa shati pamoja na ubavu wake, kiasi kwamba asingeweza kulivaa mtu.

Ili hasira hiyo ieleweke, lazima aeleweke aliyekufa.

Alikuwa mkata miti. Aliitwa popote penye mti uliowashinda watu: ulioinamia paa la nyumba, ulioingia kwenye nyaya za umeme, uliooza katikati ukabaki umesimama kwa jeuri tu. Jina lake la ubatizo walilijua mama yake na mchungaji. Wengine wote walimwita Pembeni, kwa kuwa hilo ndilo neno lililomtoka mdomoni kuliko hata salamu. Kabla mti haujaenda chini alisimamisha msumeno wake wa mashine, akageuka huku na huku, akapaza sauti: "Pembeni! Pembeni! Pembeni!" Kisha akanyamaza, akasikiliza, na ikiwa kuna hata kuku anapita, hakukata mpaka kuku amalize shughuli zake.

Kazi aliianza kijana, chini ya fundi mmoja mwenye sifa nyingi, ambaye alikata miti akiwa na kandambili miguuni na sigara mdomoni. Fundi yule alipenda kuchoma mti kwa ncha ya msumeno, ingawa ncha ndiyo sehemu inayorusha mashine nyuma kumrudia mtu. Siku moja ikamrudia. Mnyororo wenye meno ulimwingia pajani kabla hajamaliza kucheka. Pembeni ndiye aliyemfunga jeraha kwa shati lake na kumbeba mgongoni hadi barabarani. Fundi alipona, ila mguu ulibaki wa kuburuta.

Jioni ile Pembeni alifika kibandani kwa dada yake akiwa na fulana tu, damu ya mtu mwingine imemkaukia shingoni. Akakaa kwenye benchi la wateja.

"Dada, nishonee suruali nene."

"Nene kiasi gani?"

"Kiasi cha kuudhi mnyororo."

Alimshonea, tabaka juu ya tabaka ya jinzi kuukuu, mpaka suruali ikawa inasimama yenyewe sakafuni. Baadaye alinunua zile zilizotengenezwa kiwandani, zenye nyuzi ndefu ndani za kukwamisha mnyororo usifike kwenye nyama, lakini ile ya kwanza hakuitupa. Aliitundika nyuma ya mlango wa chumba chake, na watoto wake waliiogopa gizani wakidhani ni mtu.

Tangu siku ile akawa mtu wa utaratibu, na utaratibu wake ulichosha watu. Akifika kwenye mti hakugusa mashine. Aliuzunguka kwanza, kichwa juu, akitafuta matawi makavu yanayongoja kutikiswa. Alitazama mti umeinamia wapi na upepo unatoka wapi. Halafu alichukua panga akafyeka njia za kukimbilia, moja nyuma kushoto, nyingine nyuma kulia, akazipita kwa miguu kuhakikisha hakuna mzizi wa kumkwaza. Ndipo aliweka kiganja kwenye gome, akafumba macho, akasali. Akifumbua, anavaa kofia ngumu, anashusha vizibo vya masikio, anawasha mashine ikiwa chini na breki ya mnyororo imefungwa.

Alikata mdomo, yaani pengo shinani, upande ambao mti unatakiwa kuangukia. Kisha akahamia nyuma, akakata kuelekea kule kwenye mdomo, lakini hakumaliza. Katikati aliacha ukanda wa mti usiokatwa, mwembamba na wa usawa, ambao yeye aliuita bawaba. "Mlango usio na bawaba unakuangukia usoni," aliwaambia wenzake. "Na huu ni mlango mkubwa." Akigongelea kabari nyuma, mti ulianza kunung'unika, ukainama taratibu juu ya bawaba yake, na yeye alikuwa tayari yuko kwenye njia yake, mbali, hana haja ya kukimbia.

Wenzake walimcheka sana.

"Pembeni, unaogopa mti kama unavyoogopa mama mkwe!"

"Mama mkwe hana tani tatu."

"Hujamwona wa kwangu!"

Alicheka nao, na hakupunguza hata hatua moja. Kuna mteja aliwahi kumwambia, wewe kama unamwamini Mungu, uoga wote huu wa nini? Akamjibu: "Mungu nimeshamwomba, ameshanisikia. Sasa ananitazama kama na mimi nina akili."

Wazo la kitambaa chekundu nalo lilikuwa lake. Wakiwa kazini masikio yamezibwa na mashine zinanguruma, huwezi kumwambia mtu kitu akakisikia. Kwa hiyo aliweka sheria. Mti wowote wenye hatari, ulionasa kwenye mwenzake au uliokatwa haujashuka, unafungwa kitambaa chekundu shinani, usawa wa kifua. Anayekifunga ndiye anayekifungua, baada ya mti kulala chini. Mwingine haruhusiwi kukigusa wala kupita chini yake, hata kama ni yeye Pembeni mwenyewe. Usipoona kitambaa, mti uko salama.

Vitambaa hivyo alivishona Dada. Alivipinda ukingo mara mbili visichanike kwa magome, na kwa kuwa nyekundu hufifia jioni, akavipitishia uzi mweupe mnene kutoka pembe hadi pembe. Pembeni alivipenda. "Hapo, Dada. Hata kipofu atauliza ni nini."

Mtu huyo ndiye waliyesema mti umemwangukia.

Msiba uliwekwa nyumbani kwa mama. Turubai likafungwa uani, viti vikaletwa. Mama alikaa ndani, jicho moja likiwa na bandeji, maana Jumamosi iliyotangulia Pembeni aliacha kazi akampeleka hospitali ya macho. Wifi, mke wa marehemu, alilala kitandani uso ukutani na hakutaka kuguswa. Dada ndiye aliyepokea watu, akawapa viti na chai, akasikiliza maneno yao. Na maneno yao ndiyo yaliyomchoma.

"Ni mapenzi ya Mungu."

"Siku ikifika imefika."

"Unajua alikuwa ameizoea mno ile miti. Mtu ukizoea kitu, unakidharau."

Hilo la mwisho alilisema jirani, mdomo umejaa mkate. Dada alimnyang'anya kikombe mkononi kabla hajamaliza kunywa.

"Ameizoea nani?"

"Nasema tu, shoga yangu…"

"Usiseme tu. Ukimaliza mkate, kaa kimya."

Jioni hiyo hiyo alikuja mzee wa kanisa. Kazi iliyomuua Pembeni ilikuwa kwenye uwanja wa kanisa lao, ambako mikaratusi mirefu nyuma ya jengo ilikuwa inaondolewa kupisha ukumbi, na mzee huyu ndiye aliyeisimamia. Alikuwa mtu mnyoofu, shati limepigwa pasi hata kwenye msiba, asiyevumilia takataka wala mchezo. Aliwaongoza kwa sala ndefu, akaomba familia ikubali uamuzi wa Mbinguni. Watu wakaitikia amina. Dada hakuitikia. Alikuwa ameokoka tangu ujana wake, lakini siku hiyo aliinuka akaanza kukusanya vikombe.

Mzee alipoondoka, Dada alimkuta Kamba amekaa peke yake nyuma ya jiko, kwenye gogo. Kamba alikuwa mwenzake Pembeni kwa miaka mingi, mpanda miti, mwembamba kama jina lake. Hakuwa ameosha hata mikono.

"Nieleze," Dada alisema. "Kila kitu. Na usilie, sitaki kulia sasa hivi."

Kamba alieleza akitazama viatu vyake. Jumamosi alifanya kazi peke yake na wabebaji, maana Pembeni alikuwa hospitali na mama. Miti miwili ilishuka vizuri. Wa tatu alikuwa ameshakata mdomo, ameshaingia nyuma, ndipo mnyororo ukakatika na mvua ya radi ikaanza papo hapo.

"Nikauacha, Dada."

"Ukauacha mti katikati."

"Nikauacha. Alinifundisha nisiuache, nami nikauacha. Radi zilikuwa zinapiga kwenye miti. Niliufunga kitambaa, nikamwambia mlinzi huku nyuma pasipite mtu mpaka turudi."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu nilipitia dukani kuchukua mnyororo. Yeye akatangulia na mashine yake. Nilipofika…" Alikwangua tope kiatuni. "Alikuwa anakatakata gogo la Jumamosi, pale pale mbele ya ule mti. Upepo ulipita juu ya paa, mti ukaanza kuinama. Nilimwita, Dada. Mashine inanguruma, masikio amefunga. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika."

Dada alikaa kwenye ncha nyingine ya gogo. Ndivyo ilivyokuwa: vile vizibo vya masikio, alivyowahimiza wenzake miaka yote wavivae, ndivyo vilivyomzuia kusikia.

"Kwa nini hukumpigia simu kumwambia kuna mti umekatwa?"

"Kwa sababu nilifunga kitambaa! Dada, sisi hatuambiani. Kitambaa ndiyo mdomo wetu. Angekiona asingekanyaga pale, unamjua."

"Kwa hiyo hakukiona."

"Hakikuwepo."

"Upepo?"

"Fundo lile alinifundisha yeye. Halifunguliwi na upepo. Limefunguliwa na mkono wa mtu."

Dada alimtazama. Alitaka kumpiga kofi kwa ule mti aliouacha, na angempiga, ila damu ya Pembeni ilikuwa bado imekaukia mikononi mwa Kamba.

"Kesho asubuhi unanipeleka," alisema.

Nyuma ya kanisa palikuwa pamefagiwa. Hilo ndilo jambo la kwanza aliloliona, na liliufanya moyo wake uwake upya. Palikuwa pasafi kama sebule ya mtu anayengoja wageni. Mti uliomuua ulikuwa umekatwa vipande na kusogezwa, ili kuutoa mwili. Kisiki chake kilikuwa kimezungukwa na lundo la matawi, limepangwa vizuri, kimo cha kiuno.

Kamba aliinama akaanza kuyavuta matawi. Chini yake ulionekana mdomo aliokata Jumamosi, ambao ulikuwa umefunikwa kabisa.

"Hili lundo hatukuliweka sisi," alisema. "Matawi tuliyaacha yametapakaa."

Dada alielewa. Mdogo wake alifika, akatazama juu kama kawaida yake, akatazama vifua vya miti, hakuona chekundu. Chini aliona lundo la matawi yaliyokusanywa. Hakukuwa na mahali pengine pa kutazama.

Mlinzi hakuhitaji kubanwa. "Jumapili asubuhi, kabla ya ibada," alisema akikuna shingo. "Mzee alisema waumini wataona vurugu kupitia dirishani. Aliwachukua vijana wa usafi, wakakusanya matawi, wakayaegemeza kwenye mti."

"Na kitambaa?"

"Kitambaa… hilo muulize mwenyewe, mama. Mimi ni mlinzi tu."

Hakuwa na haja ya kuuliza. Alipopita mlango wa nyuma wa kanisa, ndoo ya kudekia ilikuwa pale kizingitini, na ndani yake, kwenye maji meusi, kulikuwa na kitu chekundu. Alikivuta. Kilikuwa kizito kwa maji. Alikitandaza kwenye ngazi, akakinyoosha kwa viganja viwili kama anavyonyoosha nguo kabla ya kuikata. Ukingo umepindwa mara mbili. Uzi mweupe, mnene, pembe hadi pembe. Mshono wake mwenyewe.

Mzee wa kanisa alitoka ofisini akiwa na funguo mkononi.

"Binti yangu, pole tena. Karibu ndani…"

"Hiki ulikitoa wapi?"

Mzee alikitazama kitambaa, kisha akamtazama Kamba, kisha tena kitambaa. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kufanya jema na hajui ni lipi.

"Kilikuwa kwenye mti. Binti yangu, elewa. Kitambaa chekundu kimefungwa kwenye mti, nyuma ya nyumba ya Mungu, kina nyuzi nyeupe zimepita msalaba hivi na hivi… Nilijua ni mambo ya waganga. Mtu ametegesha kitu kwenye uwanja wetu. Nikakemea, nikasali, nikakifungua. Nisingeweza kuacha waumini wakione."

"Ukakidekia sakafu."

"Nilitaka kukidhalilisha. Kile nilichodhani ni…"

"Uliona kinafanana na uganga, ukamwona shetani. Hukumwona fundi? Mafundi walikuwa hapa wiki nzima! Kuna simu mfukoni mwako! Ungeuliza tu: jamani, hiki ni nini? Kamba angekwambia, hicho ni alama ya mti unaoua, mzee, usikiguse. Maneno machache tu!"

"Mlinzi aliniambia pasipite mtu, na tulipomaliza usafi sikumruhusu muumini yeyote kupita…"

"Ndiyo! Waumini ukawakinga. Jumatatu ukamwacha mdogo wangu apite."

Mzee aliposema tena, sauti ilikuwa ya chini. "Haya mambo tuyaombee. Tusiwape watu wa nje nafasi ya kulisema vibaya kanisa. Wakati wake ulikuwa umefika, binti yangu. Mungu…"

"Usimsingizie Mungu!"

Alipiga kelele hadi njiwa waliokuwa juu ya paa wakaruka. Yeye mwenyewe hakujua kwamba ana sauti kama ile.

"Mungu hakufungua kile kitambaa. Umekifungua wewe. Umekuja nyumbani kwetu, umekaa kwenye kiti chetu, ukasali sala ya robo saa, ukamtwika Mungu mzigo wako, na watu wakakuitikia amina. Huko nje wanasema mdogo wangu alizembea. Amekuwa mwangalifu maisha yake yote, wamemcheka kwa uangalifu wake, na sasa atazikwa kama mzembe ili wewe ubaki msafi!"

Mzee aliegemea fremu ya mlango. Akazitia funguo mfukoni.

"Unataka nifanye nini?"

"Siku ya mazishi utapewa nafasi ya kusema kwa niaba ya kanisa. Sema. Usiposema, nitasema mimi, na mimi sina maneno laini."

Alirudi nyumbani na kitambaa kimeviringwa ndani ya mfuko. Alikifua kwa sabuni mpaka maji yakawa meupe, akakipiga pasi, na alipokuwa anakipiga pasi ndipo ule uzi mweupe ulipomwingia rohoni. Ni yeye aliyeuweka. Bila ule uzi kingeonekana kipande cha nguo tu. Alisimama na pasi mkononi mpaka harufu ya kuungua ikamshtua. Akamwambia Mungu kwa sauti, bila kufumba macho: "Na Wewe uliona. Sijui nikuambie nini, ila uliona." Hiyo ndiyo sala aliyoweza siku ile.

Mama alimwita chumbani.

"Wameniambia umemfokea mzee wa kanisa."

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu, yule ni mtu mzima, na ni mtu wa Mungu. Tumzike ndugu yako, yaishe."

"Hayaishi, mama. Huwasikii hapo nje? Wanasema aliidharau kazi. Nikuulize wewe uliyemzaa: mwanao alikuwa mzembe?"

Jicho la mama lisilo na bandeji lilitazama dirishani.

"Jumamosi, tulipotoka hospitali," alisema, "alinishika mkono tupite chini ya jengo linalojengwa. Akanisimamisha. Akatazama juu, kwanza upande huu, halafu upande ule. Nikamwambia, twende bwana, jua linanichoma. Akasema, mama, ngoja nione kwanza." Akafuta shavu kwa ukingo wa shuka. "Mwanangu hakuwa mzembe. Basi aseme. Asiposema yeye, sema wewe."

Walizika Alhamisi.

Jeneza liliwekwa kwenye meza chini ya turubai. Mchungaji, aliyekatisha safari yake kwa ajili ya msiba, aliongoza ibada. Walikuwepo majirani, wateja ambao paa zao zilikuwa bado nzima kwa sababu ya marehemu, na wakata miti wenzake wamesimama nyuma, kofia zao ngumu mikononi. Hata yule fundi wa zamani alifika akiburuta mguu. Dada alikaa mstari wa mbele kati ya mama na wifi, kitambaa kimekunjwa mapajani.

Mzee wa kanisa aliitwa. Alisimama na karatasi, akaanza kusoma kwamba Mungu kwa hekima yake amemwita mja wake. Dada akainuka. Alikwenda kwenye jeneza, akakitandaza kitambaa juu ya mfuniko, akarudi kukaa. Wakata miti wote waliinua vichwa. Wao walijua ni nini.

Mzee alitazama kitambaa. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Jumamosi fundi alifunga hiki kwenye mti uliokatwa nusu," alisema, "ili mtu asiukaribie. Jumapili nilikifungua mimi. Nilidhani ni ushirikina. Matawi yaliyouficha mkato, niliagiza mimi yawekwe pale. Sikumuuliza mtu. Marehemu hakufanya kosa lolote. Alifika kazini akaamini kwamba hakuna aliyegusa alama yake. Nilisema ni mapenzi ya Mungu, na nilisema hivyo kwa sababu niliogopa. Mama, mjane, binti yangu, nimekosa."

Kutoka nyuma Kamba alisema, kwa ile sauti yake iliyokuwa bado imekauka, "Na mimi niliuacha mti katikati. Mjue na hilo."

Yule jirani wa mkate aliinamisha kichwa. Mama alitikisa chake mara moja kwa kukubali, kama mtu aliyepokea kitu alichoagiza. Dada alitegemea kwamba maneno hayo yakishasemwa hasira itamtoka, atapumua. Haikutoka. Mzee alipopita akanyoosha mkono, Dada aliutazama ule mkono na hakuushika. Labda ipo siku ataushika. Siku hiyo hapana, na hakujifanya.

Makaburini udongo ulikuwa umelowa kwa mvua za wiki ile, na kingo za kaburi zilikuwa zinamomonyoka. Wakata miti ndio walioshika kamba za kuteremshia, Kamba akiwa upande wa kichwani. Kabla jeneza halijainuliwa, Dada aliondoa kitambaa juu yake. Mchungaji alimuuliza kwa sauti ndogo kama hakitazikwa naye.

"Hapana," alisema. "Kinahitajika kazini."

Akampa Kamba, naye akakitia ndani ya shati.

Watu walisogea mbele wapate kuona, wakasogea mno, na bonge la udongo likaanguka ndani. Kamba, mikono imejaa, hakuwa na namna ya kuwasukuma. Akainua kichwa.

"Pembeni," alisema. "Pembeni. Pembeni, jamani."

Watu wakarudi nyuma. Akangoja, akatazama kushoto na kulia, akahakikisha kila mguu uko mbali na ukingo. Ndipo wakaanza kuteremsha, taratibu na kwa usawa, hadi kamba zikalegea.

Mchungaji alisali. Mama alitupa udongo wa kwanza, akafuata wifi na watoto, kisha Dada. Wanaume wakachukua makoleo. Kaburi lilipojaa walilichongea tuta, wakasimika msalaba wa mbao wenye jina lake la ubatizo, na chini yake, kwa herufi ndogo, lile la pili. Wimbo ulipoisha watu walianza kuondoka kwa makundi madogo. Dada alimshika mama mkono. Kabla hawajapiga hatua, alitazama juu, upande huu, kisha upande ule. Wakaenda nyumbani.